Siku ya Hotdogi Kumi na Moja

Wauza chakula wa barabarani walimwita Kasha, kwa sababu ya kasha la bluu la barafu alilolibeba begani kwa miaka kumi na saba. Akishuka tu kwenye gari la ofisi ya afya ya jiji, mazungumzo yalikatika. Vitambaa vilianza kupangusa meza ambazo hazijapanguswa tangu asubuhi, na hakukosekana mtu mmoja aliyekumbuka ghafla kofia yake ya kufunika nywele. Mwenyewe hakuwa na makuu. Alisalimia, akavaa glavu, akachukua kipande cha nyama au kijiko cha mchuzi, akakitia kwenye mfuko safi, akaubana, akaandika namba na kuulaza kwenye barafu. Majibu yalitoka maabara, na barua za kufunga vibanda ziliandikwa na wakubwa. "Mimi ni mbebaji tu," aliwaambia waliomnunia.

Majirani walishangaa kwamba mtu aliyeyaona aliyoyaona bado alikula vya njiani. Jibu lake lilikuwa tayari. "Nyinyi mnakula kwa imani. Mimi nakula kwa ushahidi." Alijua nani ananawa mikono na nani anailowesha tu, nani anafua aproni yake, nani anapasha moto nyama ya jana huku akiapa ni ya leo.

Katika wote hao, aliyemwamini zaidi ni muuza hotdogi wa karibu na kituo cha mabasi. Watu walimwita Profesa, maana hakuweza kukukabidhi mkate bila kukupa mhadhara. Kila Jumatano jioni Kasha alipita kwake akachukua hotdogi moja, imefungwa vizuri kwenye karatasi ya fedha, akampelekea mama mkwe wake.

Mume wa Kasha alifariki miaka tisa nyuma. Ndugu walitegemea kwamba baada ya matanga wanawake hao wawili wangegawana vyombo na kila mmoja ashike njia yake. Hakuna aliyefunga mzigo. Mama mkwe alikuwa na miaka sabini na saba na meno ya kuhesabu, na alisema aliyebuni soseji ndani ya mkate laini bila shaka alikuwa na mama kibogoyo nyumbani. Aliitaka na vitunguu vingi, vile vilivyopikwa kwenye mafuta mpaka vikalainika kama jemu. Profesa alivijaza mpaka vikamwagika pembeni, na hakukubali kulipwa.

"Hii ni ya bibi," alisema. "Haina bei."

Sheria ya ofisi ilikuwa haina kona: mkaguzi asipokee hata glasi ya maji kutoka kwa mtu anayemkagua. Kasha aliijua kwa moyo. Wiki ya kwanza alibishana na Profesa, ya pili akabishana kidogo, ya tatu akasema asante. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

Sasa, Alhamisi moja saa mbili asubuhi, mkuu wake wa kitengo alimwita ofisini na kumwambia afunge mlango.

"Kuna watu sita hospitali kuu," mkuu alisema. "Wa kwanza aliingia juzi. Kope zinawaanguka, wanaona vitu viwili viwili, ulimi mzito, hawawezi kumeza. Mmoja, fundi viatu, hawezi kupumua mwenyewe. Yuko kwenye mashine."

"Ni nini?"

"Daktari anasema ni sumu ya chakula kilichofungwa bila hewa. Haina harufu, haina ladha. Mtu anakula leo, kesho kinywa kinaanza kumkauka, halafu macho, halafu koo, halafu kifua." Akasukuma karatasi mezani. "Wote sita walikula hotdogi za barabarani. Tatizo, hawakula mahali pamoja. Vibanda tofauti, mitaa tofauti. Kwa hiyo leo unachukua hotdogi za vibanda vyote kumi na moja vya katikati ya jiji. Kila kitu kimo ndani yake, kama mteja angeipata."

Kasha alipitisha macho kwenye orodha. Kibanda cha Profesa kilikuwa cha saba.

Jana jioni alikuwa amemkabidhi mama mkwe hotdogi yake, na yule mzee, kama kawaida yake, alimkatia kipande cha mwisho. "Usinitazame tu, mwanangu, nitapaliwa." Kasha akakila amesimama, huku akivua viatu.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Maneno yalifika kooni. Akamtazama mkuu, mtu mwenye haki lakini asiye na masihara, akaiona ile sheria imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, na maneno yakarudi chini. Alijiambia kwamba Profesa ni msafi. Alijiambia kwamba angempigia mzee simu, angemkuta mzima, na habari ingeishia hapo.

"Sawa, mkuu," alisema.

Kwenye gari alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mama mkwe alikuwa na tabia ya kuizika simu kwenye droo ya vitambaa ili isimpigie kelele, na siku nyingine jambo hilo lilikuwa kichekesho cha nyumbani.

"Kuna tatizo, dada?" dereva aliuliza. Alikuwa mtu mzima mwenye maneno mengi, wamefanya kazi pamoja tangu gari lile likiwa jipya.

"Hakuna. Twende sokoni."

Kibanda cha kwanza kilikuwa kwenye lango la soko. Mama mwenye kibanda alikuwa ndio kwanza anawasha jiko. Kasha akavaa glavu, akaomba hotdogi moja kamili, akatazama kila kilichoingia: mkate, soseji, mchuzi wa nyanya, kachumbari ya kabichi, vitunguu. Akaifunga na kuandika namba moja. Namba hiyo ikatoka imepinda.

Aliporudi kwenye gari alihisi kinywa kikavu.

Alikaa akiusikiliza ulimi wake. Kinywa kinaanza kumkauka, mkuu alisema hivyo. Lakini pia hakuwa amekunywa hata chai asubuhi ile, na mtu mwenye hofu hukaukwa kinywa, kila mtu analijua hilo. Akachukua chupa ya maji, akanywa funda moja, akalifuata lilivyoshuka. Likashuka. Akanywa jingine. Nalo likashuka. Mpaka wanafika kibanda cha pili, mbele ya benki, chupa ilikuwa imekwisha, na dereva anamtazama kwa jicho la pembeni.

"Dada, leo umekula chumvi?"

"Endesha gari."

Kibanda cha pili, namba mbili. Kibanda cha tatu, nje ya chuo cha ufundi, kijana wa watu alimpa hotdogi akiwa amenuna kama amenyang'anywa mke. Kila aliposimama Kasha alitafuta maandishi ya kusoma, bango la duka la dawa, namba za magari, tangazo la nyumba ya kupanga, akihesabu mistari yake. Akifumba jicho moja, mstari mmoja. Akifumbua, mmoja. Akashusha pumzi. Dakika mbili baadaye alihisi hakutazama sawasawa, akatafuta bango jingine.

Katikati ya vibanda alipiga simu nyumbani. Ikaita, ikakatika. Jirani wa upande wa kulia alikuwa kazini. Jirani wa upande wa kushoto alikuwa amesafiri.

Kibanda cha nne kiliwaletea balaa lake. Mwenye kibanda, mwanamume wa miraba minne, alikuwa ameshasikia uvumi, akasimama mbele ya jiko lake amekunja mikono.

"Hutachukua kitu hapa. Ukichukua, kesho mtaandika mimi ndiye muuaji."

Wateja wakasogea. Mmoja akasema wapigwe picha. Mwingine akasema watu wa ofisi wanatafuta kitu kidogo tu. Siku nyingine Kasha angemlainisha yule bwana kwa utani, akatoka na sampuli na salamu za familia. Leo alimwangalia tu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini na ya kupasuka.

"Kaka, umekula chakula chako mwenyewe wiki hii?"

"Nimekula. Na watoto wangu wamekula."

"Basi niombee nikute hakina kitu. Nami ninaomba hivyo hivyo."

Yule bwana alimtazama usoni, akashusha mikono, akatengeneza hotdogi, na akamuuliza kwa upole kama aongeze kitunguu. Kasha akasema weka kama unavyomwekea kila mtu. Bwana akainama chini ya meza, akatoa ndoo nyeupe yenye kifuniko cha njano, akachota.

Ile ndoo Kasha alikuwa ameshaiona.

Alirudi kwenye gari akafungua daftari. Soseji za kibanda cha kwanza zilitoka kiwanda kimoja, za cha pili kiwanda kingine, za cha nne zilitengenezwa buchani. Mikate, kila mmoja na mwokaji wake. Mchuzi wa nyanya, chupa za kila rangi. Lakini ndoo nyeupe yenye kifuniko cha njano ilikuwa sokoni, na ilikuwa mbele ya benki. Chuoni haikuwepo, pale walikatakata vitunguu vibichi. Kibanda cha tano, ndoo ipo. Cha sita, haipo.

"Twende kwa Profesa," alimwambia dereva.

Profesa alifurahi kumwona. "Leo Alhamisi, umepotea njia? Bibi hajambo? Jana nilimzidishia, maana najua udhaifu wake. Unajua kitunguu kikipikwa polepole kina faida saba kwenye mwili wa binadamu..."

"Vitunguu vyako unavitoa wapi?"

Profesa akakatisha maneno. Hakuwa amewahi kumsikia akiuliza hivyo. Akainama, akaiweka mezani ndoo nyeupe yenye kifuniko cha njano, imebaki robo.

"Kuna mama mmoja anavipika kwake, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Anavifunga na mafuta, vinakaa hata mwezi. Tunachukua wengi. Wanane, labda tisa. Kuna nini?"

"Vinakaa kwenye barafu?"

"Barafu ya nini? Vimefunikwa na mafuta. Havichachi."

"Na wewe unavila?"

"Mimi kitunguu kinanipa kiungulia."

Ilikuwa saa sita kasoro. Wateja wa mchana walikuwa wameanza kupanga foleni, karibu watu kumi, wengine wameshashika mikate yao. Kasha alizima jiko la Profesa kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia asiuze tena hata kimoja, akawaambia wale walioshika mikate waiweke mezani. Wakanung'unika. Wawili walikuwa wameshakula. Aliandika majina yao na kuwaambia waende hospitali kuu, wasipitie nyumbani. Kisha akasogea pembeni ya ukuta akampigia mkuu.

"Mkuu, si soseji. Ni vitunguu vya mafuta. Kuna mama anavipika na kuvisambaza kwa ndoo, vibanda vinane au tisa. Nina mtaa anaokaa. Wauzaji wapigiwe sasa hivi, foleni za mchana zimeanza."

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini ndicho kitu pekee wanachochangia." Akameza mate, na hata hapo akalifuata lile funda lilivyoshuka. "Na kuna jambo jingine. Jana jioni nilichukua hotdogi kwa Profesa. Sikuilipia. Nimekuwa nikichukua kila Jumatano kwa miaka mitatu. Mama mkwe wangu ameila, na mimi nimekula kipande."

"Asubuhi ulisimama mbele yangu," mkuu alisema.

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, mkuu."

"Mama ana hali gani?"

"Hapokei simu."

"Nenda kwake. Vibanda vilivyobaki nitakwenda mwenyewe."

Dereva alikuwa amesikia yote. Yule mtu wa maneno mengi aliendesha njia nzima bila kufungua kinywa, akipita kwenye vichochoro ambavyo Kasha hakujua gari linaweza kupita, na kimya chake kilimtisha kuliko kitu chochote siku ile.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Redio ilikuwa inazungumza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, amevaa vizuri, miwani mkononi, akiifuta kwa pindo la khanga. Kasha akahisi moyo unarudi mahali pake.

"Mbona mapema?" mzee aliuliza. Sauti ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Afadhali umekuja. Hii miwani imeharibika. Tangu asubuhi naifuta. Wewe mwenyewe hapo nakuona wawili."

Kasha alipiga magoti mbele yake akamtazama. Kope ya kushoto ilikuwa imeshuka nusu, kama pazia lililotoka kwenye ndoano.

"Mama, umekunywa chai leo?"

"Nimejaribu. Imenitokea puani." Akacheka kidogo, halafu akaona uso wa mkwewe, akaacha. "Kuna nini, mwanangu?"

"Twende hospitali. Nitakwambia njiani."

Njiani hakumwambia. Alimshika mkono tu kiti cha nyuma, akimhesabia pumzi, na mzee naye akaacha kuuliza.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwambia mzee atazame juu, atoe ulimi, abane mkono wake. Kisha akamgeukia Kasha.

"Na wewe ulikula?"

"Kipande. Cha mwisho."

"Kilikuwa na vitunguu?"

Kasha alijaribu kukumbuka. Alikiona kile kipande, mkono wa mzee unaokishika, viatu vyake mwenyewe sakafuni. Hakukumbuka kama kilikuwa na vitunguu. Aliwekewa kitanda jirani na cha mama mkwe, na kila baada ya saa moja muuguzi alikuja kumtaka atazame juu na asome herufi kwenye kadi. Dawa ya kuvunja sumu haikuwepo pale. Ilikuwa inaletwa na ndege kutoka mji mwingine. Ilifika saa kumi jioni. Kufikia saa hiyo mama mkwe hakuweza tena kusema, na kope zote mbili zilikuwa zimefunga, lakini masikio yalikuwa mazima na akili ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Alikuwa ndani, macho yamefungwa, anasikia kila kitu. Kasha alipomwita, alibana kidole chake.

Siku ya pili walimwingiza kwenye mashine ya kupumua. Siku ya tatu Kasha aliambiwa yeye hana sumu mwilini, anaweza kwenda nyumbani. Hakwenda. Alikaa kwenye benchi la korido na nguo zile zile, na alipomwona daktari anapita akamuuliza alichokuwa anakiogopa.

"Nilijua saa mbili asubuhi, nikamleta saa saba mchana. Ningemleta saa tatu, ingekuwa tofauti?"

Daktari alikaa pembeni yake. "Dawa ilifika saa kumi kwa wote. Isingefika mapema kwa ajili yako. Lakini tungeanza kumwangalia mapema, na ile chai iliyomtoka puani ingeweza kuingia mapafuni akiwa peke yake. Haikuingia. Ni bahati, sitakudanganya."

Soseji zote kumi na moja zilikuwa safi. Sumu ilipatikana kwenye ndoo, si zote, ndoo tatu tu zilizojazwa kutoka sufuria moja. Mama aliyepika vile vitunguu alikutwa jikoni kwake anapika vingine, na alipoelezwa alikaa chini sakafuni, aproni ikamfunika uso. Mkuu alikusanya ndoo tisa mchana ule ule, na baada ya hapo waliingia hospitali watu wawili tu, wote waliokula kabla. Fundi viatu alifariki wiki ya pili. Wengine walipona, polepole, mmoja mmoja.

Ofisi ilimwita Kasha mwezi uliofuata. Mkuu alimsomea barua mbili. Ya kwanza ilimwondoa barabarani kwa mwaka mzima na kumweka chumba cha kumbukumbu, kwa kupokea zawadi na kuficha habari. Ya pili ilieleza kwamba yeye ndiye aliyegundua ndoo, na kwamba simu yake ilizuia watu wengi kula mchana ule. Alitakiwa kusaini zote mbili. Alisaini, na safari hii maandishi hayakupinda.

Mama mkwe alirudi nyumbani baada ya wiki saba, anatembea kwa kushika ukuta, sauti imekuwa ya mkwaruzo. Kasha alimwacha azoee tena kiti chake. Kisha, Jumapili moja mchana, alikaa kwenye kigoda mbele yake, akapiga moyo konde, akamweleza yote: orodha, ile sheria ukutani, saa nne alizonyamaza huku akijaza kasha la barafu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliogopa kazi," alisema.

"Niliogopa kazi. Na niliogopa kwamba nikisema, itakuwa kweli."

Mzee aligeukia dirishani. "Nikiwa nimelala kule, macho yamefungwa, nilikuwa nakusikia unalia. Nikawa najiuliza huyu analilia nini namna hii, bado sijafa. Kumbe." Akavuta pumzi. "Nimekasirika, mwanangu. Sitasema sijakasirika. Niache nikasirike."

"Sawa, mama."

Alikasirika siku tano. Alikula alichopewa, akajibu salamu, akaenda kulala. Kasha alirudi kazini na kutoka kazini, akapika, akaosha vyombo, akisikiliza zile nyayo zinazoburuta ukutani, akihofia kwamba siku moja zitaelekea kwenye sanduku la nguo na mzee ataomba apelekwe kwa binti yake.

Siku ya sita, jioni, alisikia anaitwa kutoka chumbani kwa ile sauti ya mkwaruzo. Alikwenda mbio. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenyoosha miguu.

"Niletee kikata kucha," alisema. "Siwezi kuinama, na hizi zinanichoma."

Kasha alikaa sakafuni, akauchukua mguu wa kulia, akauweka pajani pake.